Uso wa Mwezi wa Kumi

Mwezi wa kumi, Lubumbashi haina adabu. Mvua bado haijaamua kuja, vumbi jekundu limekaa juu ya kila jani, na ukitoka nyumbani saa mbili asubuhi na uso uliopambwa vizuri, kufika saa nne uso huo uko kwenye kola ya nguo yako. Nayajua haya kwa sababu kazi yangu ni kupamba maharusi. Nina chumba kimoja mtaa wa Kamalondo, ubavuni mwa fundi cherehani, na ndani yake kuna kioo, stuli na dirisha. Wanaoolewa mwezi wa kumi huniogopesha kuliko wengine wote. Wanataka uso ukae kuanzia kanisani mpaka ukumbini, usichuruzike, usipasuke, na bado uonekane mwepesi kana kwamba haukuguswa.

Wasichana wa siku hizi hupenda kuniuliza kama vitu vyangu ni bio, yaani vya asili bila kemikali. Nawajibu kwamba ni vya jikoni. Poda natengeneza kwa wanga wa muhogo na kakao, nikiichekecha mara tatu kwa kitambaa chepesi. Rangi ya midomo ni maji ya beterave, kile kiazi chekundu, na nta ya nyuki, ambayo wauza asali huniletea kutoka Kasomeno. Wanja ni masizi na mafuta ya mbarika. Vyote vimo katika vichupa vya mayonezi nilivyoosha, na badala ya vile vitambaa vya kufuta na kutupa nina vipande vya pamba ninavyofua na kuanika. Ukiondoa masizi, hakuna kitu sandukuni mwangu nisichoweza kukiweka kwenye ulimi. Watu wananisifu, wanasema nina roho nzuri. Lakini sikuanza haya kwa roho nzuri.

Zamani nilikuwa na meza sokoni, na juu ya meza niliuza krimu za kujichubua. Sikuuza zile za dukani peke yake. Nilikuwa na mchanganyiko wangu mwenyewe, tuliuita mélange, nilioukoroga jikoni kwa mwiko: tyubu mbili za hii, chupa nzima ya ile, na mafuta ya watoto juu yake ili unukie vizuri. Wanawake walitoka mbali kuja kuununua. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, nilimpa bure. Kila mwisho wa mwezi alileta kichupa kitupu nami nikakijaza. Alizaliwa mweusi wa kung'aa kama marehemu baba yetu. Kwa miaka sita nilimpausha mpaka watu wakaacha kumwita mtoto wa baba yake, na mimi nilijivunia jambo hilo mbele ya wateja.

Kuna jambo moja ambalo mdogo wangu hakulijua. Mwezi wa pili wa mwaka ule alioolewa, mama mmoja muuza nyanya alirudi kwenye meza yangu akiwa amejifunika kitenge mpaka machoni. Alipokifunua, ngozi ya mashavu yake ilikuwa inatoka kama ya kiazi kilichochemshwa. Hakugombana nami. Aliniuliza tu afanye nini. Nikampa tyubu ya mafuta ya vidonda, nikamwambia akae mbali na jua, halafu nikatazama kulia na kushoto kuona kama kuna mteja aliyesikia. Jioni ile ile mdogo wangu akaja na kichupa chake. Nikakijaza. Nikakijaza tena mwezi wa tatu, na mwezi wa nne. Nilijiambia kwamba ngozi yake ina nguvu, ngozi ya ukoo wetu. Ukweli ni kwamba ningemwambia aache, angeniuliza kwa nini, na sikuwa tayari kumjibu.

Mwezi wa tano uso wake ukaungua. Nilimkuta kwa mama, amekaa sakafuni, amelowesha taulo na kulikandamiza usoni, na nilipoanza kulia ni yeye aliyenibembeleza.

“Haiko kosa yako, yaya,” aliniambia; kwetu yaya ni dada mkubwa. “Balikuuzisha tyubu ya mubaya. Ungejuaka aje?”

Nikakubali kubembelezwa. Siku ya pili nikaondoa meza sokoni, nikamwaga mélange yote chooni, kisha nikakosa usingizi wiki nzima nikiwaza kisima cha jirani kilicho hatua ishirini kutoka pale. Ndipo nikaanza kusaga muhogo. Kila kitu nilichojifunza baada ya hapo, nilijifunza kwa ajili ya uso mmoja.

Maana alikuwa tayari na mchumba. Kijana mwenyewe anafanya kazi katika mgodi, mbali, anarudi mwisho wa mwezi. Watu wake ni wa Kasai, wafanyabiashara wa vitambaa, watu wa shule na wa kanisa. Walipokuja kujitambulisha mwezi wa kwanza, walimwona mdogo wangu akiwa mweupe. Harusi ikawekwa mwezi wa kumi. Na katika ile miezi mitano baada ya kuungua, ngozi yake ikaanza kurudi nyumbani. Paji la uso lilirudi kwanza, kisha shingo. Mashavuni zilibaki alama mbili, nyeusi kuliko sehemu nyingine zote, kubwa kama kiganja cha mtoto mchanga. Fondotini yoyote ya dukani, ile krimu ya rangi ya kupaka usoni, ilimchoma. Nilijaribu tatu, na ya tatu ilimtoa machozi kabla sijafunga kizibo.

Siku ya harusi nilitaka mambo mawili. Nilitaka uso wake ufike jioni salama, na nilitaka asijue kamwe kuhusu yule muuza nyanya. La kwanza niliweza kulifanyia mazoezi. La pili nililibeba tu.

Ilipangwa kwamba nikae kando yake katika gari kutwa nzima, na poda mfukoni na pamba mkononi, kama dada mkubwa na kama mpambaji. Nilishona nguo kwa ajili ya kiti kile. Sioni aibu kusema kwamba nilikitaka kiti kile kuliko nilivyokitaka changu siku ya harusi yangu mimi.

Asubuhi ya Jumamosi nilifika kwa mama, katika kata ya Annexe, jua likiwa halijachomoza vizuri. Nyumba ya mama iko pembeni mwa mashamba ya mahindi, bati tupu bila dari, na kufika saa moja chumba kile kilikuwa kimeanza kupika. Mama aliwasha feni. Robo saa baadaye umeme ukakatika, feni ikazunguka kidogo kwa uvivu, ikasimama. Nilifungua dirisha, vumbi likaingia, nikalifunga.

Nilimwosha uso kwa maji ya baridi, nikamkanda kwa kipande cha barafu nilichofunga katika pamba, nikangoja ngozi inyamaze. Hapo ndipo wengi hukosea, hawangoji. Kisha tone moja la mafuta, nililipasha joto viganjani na kuligandamiza tu, bila kusugua. Kisha poda, nyepesi kabisa. Juu yake ukungu wa maji ya tango. Kisha poda tena. Tabaka mbili nyembamba hushinda moja nene, na jasho likija hupita katikati bila kubomoa. Ningeweza kutumia pemba, ule udongo mweupe wa sokoni, maana hunyonya jasho kuliko kitu chochote. Lakini pemba kwetu hupakwa mama wa mapacha, na watu wenye shughuli na wazee waliokufa. Ukimpaka bibi harusi pemba mbele ya wakwe wa kanisani, utaeleza mpaka uchoke. Nilibaki na muhogo wangu.

Saa moja na nusu nilikuwa nimefika kwenye nyusi. Alikuwa mzuri. Alama za mashavuni zilikuwa zimefifia, zimekuwa kama kivuli tu, na rangi yake ilikuwa ile aliyozaliwa nayo.

“Yaya, niko namna gani?” aliniuliza, macho ameyafumba.

“Uko sawa baba,” nikamwambia, yaani anafanana na marehemu baba yetu. Akatabasamu, nikamkemea asitabasamu kabla wanja haujashika.

Gari likasimama nje. Kwa desturi ya upande wa bwana, nguo ya harusi hutoka kwao, na mwanamke anayeileta hukaa mpaka aone bibi harusi ameivaa. Aliyeileta alikuwa shangazi wa bwana harusi, mama mnene wa heshima, shemasi kanisani kwao, na nguo ameibeba mikononi ndani ya mfuko wake mrefu kama mtu aliyebeba mgonjwa. Uso wake ulikuwa mweupe, na vifundo vya vidole vyake vilikuwa vyeusi. Kwetu hakuna anayehitaji kuelezwa kwamba mtu huyo naye hujichubua.

“Jambo yenu, bamama,” alisema. Alilaza nguo kitandani, akageuka kumtazama mdogo wangu, na salamu zikaishia hapo.

“Juu ya nini iko vile?” aliuliza.

“Vile namna gani, mukwe?” mama akajibu.

“Iko mweusi.”

Mama akaanza kutafuta vikombe vya chai. Ndiyo njia yake, jambo likiwa gumu hutafuta vikombe. Yule shangazi alinijia, akachukua kichupa changu cha poda, akakinusa.

“Haiko pemba hii?”

“Haiko pemba, mama. Ni muhogo na kakao.” Nikachovya kidole, nikakilamba mbele yake. Ulimi wangu ulikuwa mkavu, poda ikaganda juu yake kama ukurutu.

“Kakao,” alisema. “Njo maana. Mutoto mwenye tulionaka mu mwezi ya kwanza alikuwa clair, mweupe. Weye unamupaka kakao, unamugeuza. Unatupatia muntu mwingine?”

Nilielewa kosa lake, na nilielewa pia kwamba siwezi kulisahihisha. Aliamini kwamba mimi ndiye niliyemtia weusi. Alidhani chini ya poda yangu kuna yule bibi harusi mweupe waliyemchumbia, amefunikwa tu. Ningemwambia kwamba poda ile nyepesi haiwezi kumgeuza mtu, ingebidi nieleze nini kilimgeuza.

“Poda ni kidogo, mama,” nikasema. “Haigeuze muntu.”

“Basi tosha ile poda. Mumunawishe. Tuone mwenye iko chini.” Akafungua mkoba, akatoa chupa ya fondotini, rangi ya biskuti, akaiweka mezani kando ya vitu vyangu. “Halafu utamupaka hii.”

Mdogo wangu aliitazama chupa ile. Aliyafunika mashavu yake kwa mikono miwili bila kuyagusa, mikono ikabaki hewani kidogo mbele ya ngozi. Nilitaka kumwambia yule mama atoke. Nina hasira za karibu, kila anayenijua anajua, na siku nyingine ningemtoa na mfuko wake wa nguo. Lakini harusi ilikuwa ya kwao pia, na kwenye simu aliyoshika mkononi kulikuwa na namba ya mama wa bwana harusi, ya kanisa, na ya magari. Ilikuwa saa mbili kasoro dakika kumi. Magari yangefika saa tatu.

“Ninawishe, yaya,” mdogo wangu alisema.

Nikaleta beseni. Kazi ya saa moja na nusu iliondoka kwa vipande vinne vya pamba. Yule shangazi hakuniamini hata hapo, akachukua kitambaa chake mwenyewe, cheupe, cha kushonwa pembeni, akamfuta kwenye paji la uso, shingoni, chini ya masikio. Kitambaa kilitoka na doa hafifu la rangi ya chai. Akageuza upande safi, akafuta tena, akiongeza nguvu. Safari hii hakikutoka na kitu. Aliendelea kufuta. Mama alisimama mlangoni na vikombe vyake mkononi. Nilimwona yule mwanamke akiutafuta weupe katika uso wa mdogo wangu kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, akirudi mahali pale pale alipokwisha kutafuta.

Kisha alifika mashavuni, akaziona alama.

Aliketi kitandani, karibu aikalie nguo ya harusi. Tulisikia bati likilia kwa joto.

“Ulikuwaka unajipaka mélange,” akasema mwishowe.

“Ndiyo, mama.”

“Tulikuya kwenu, hamukutuambia.”

“Ndiyo, mama.”

Akaiinua simu. Nilihesabu moyoni ni maneno mangapi yanahitajika ili kuivunja harusi, nikaona hayazidi matano. Lakini hakubonyeza. Alikuwa na swali jingine kwanza, na sauti yake ilipotoka haikuwa ya ukali. Ilikuwa sauti ya mtu ambaye naye ameumia mahali.

“Nani alikuuzishaka ile kintu?”

“Ku soko,” mdogo wangu alijibu upesi. “Muuzaji tu.”

Hakunitazama. Aliutazama ukuta, ili macho yake yasije yakanionyesha. Hata saa ile alikuwa ananikinga.

“Ule muuzaji iko na roho ya mubaya,” yule mama alisema, akitazama vidole vyake mwenyewe. “Anajua inaunguza batoto ya benzake, anauzisha tu vile vile.”

“Hapana, mama,” mdogo wangu akasema. “Hakujuaka. Angejua, hangenipatia.”

Ningeweza kunyamaza. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikunyamaza, na huwa napata jibu moja tu. Ningeweza kubeba lawama ya yule mama maisha yangu yote. Utetezi wa mdogo wangu sikuweza kuubeba hata dakika moja zaidi.

“Nilijuaka,” nikasema.

Akageuka.

“Miye njo nilikuwaka nauzisha, mama,” nilimwambia yule shangazi, kwa sababu ilikuwa rahisi kumwambia yeye. “Nilitengenezaka miye mwenyewe. Na nilijuaka. Kulikuwa mama moja wa nyanya, alirudia kwangu na sura yake imetoka ngozi. Nilimuona na macho yangu. Nilimupatia dawa, nilimufukuza na akili, juu bantu basimuone.”

“Mwezi gani?” mdogo wangu aliuliza.

“Ya pili.”

Aliketi wima kabisa kwenye stuli, maji bado yakimtiririka kidevuni.

“Ya pili ulijaza kichupa,” alisema. “Ya tatu ulijaza. Ya ine ulijaza.”

“Ndiyo.”

“Ya tano niliungua. Nilikuambia haiko kosa yako. Ulilia, mie nilikushika.”

“Ndiyo.”

Mama aliweka vikombe chini. Alilitaja jina langu la utotoni, mara moja, taratibu. Nilitaka anipige.

Yule shangazi ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudi kwenye saa. Nadhani alikuwa amekuja kupigana vita fulani na akajikuta ameingia katika nyingine, ya watu wengine, na hakujua aangalie wapi. Alimuuliza mdogo wangu swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria.

“Bwana yako anajua?”

“Anajua. Nilimuambiaka mu mwezi ya sita. Yeye njo alisema nisipake tena kintu.”

Shangazi akaitazama simu yake, akaitia mkobani. Akachukua na ile chupa ya rangi ya biskuti, nayo akairudisha mkobani.

“Kama bwana anajua,” alisema, “miye niko nani ya kukataa?”

Hivyo ndivyo lile jambo tulilolificha kwa miezi mitano, tukikwepa ziara na kutuma picha zilizofifishwa kwenye simu, lilivyokwisha. Lilikwisha kwa maneno machache ya mwanamke aliyekaa kitandani. Tungemwambia mwezi wa sita, tungelala usingizi. Lakini sikupata hata nafasi ya kushusha pumzi, kwa sababu mdogo wangu alikuwa ananiangalia.

“Maliza,” aliniambia. “Motokari ziko njiani.”

Hakusema yaya.

Nikaanza upya. Maji ya baridi, barafu katika pamba. Viganja vyangu vilikuwa vya moto, na poda nyepesi haisamehe mkono wenye jasho, huacha mistari. Nikaviweka viganja vyangu juu ya barafu mpaka vikafa ganzi. Tone la mafuta. Kugandamiza. Kungoja, ingawa saa haikuwa na nafasi ya kungoja. Alifumba macho hata pale ambapo hakuhitaji kufumba, na nilielewa kwamba hataki kuniona kwa karibu vile. Nilitamani alie. Machozi yangeharibu kazi, lakini ningeyafuta, na kumfuta mtu machozi ni kuongea naye. Hakulia.

Nilipofika mashavuni nikauliza kama nizifunike alama vizuri zaidi, maana nilikuwa na kakao nyeusi kidogo ya kusawazisha.

“Acha,” alisema. “Bakanione.”

Nikaziacha chini ya poda hafifu, zikionekana kwa anayetaka kuziona. Ukungu wa tango. Poda tena. Nta kidogo kwenye nyusi, wanja machoni, beterave midomoni, nikamkabidhi kipande cha pamba akaikandamiza mwenyewe midomo yake ili nisimguse. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile, wala kabla wala baadaye. Nasema hivyo bila majivuno. Uso ulikuwa mwepesi, ulipumua, ulikuwa wake. Nilijua kabisa kwamba jua la Lubumbashi likitaka, lije.

Yule shangazi alimvalisha nguo. Alimfunga vifungo vya mgongoni, kimoja kimoja, kwa vidole vyake vya rangi mbili, na alipomaliza alimzungusha kuelekea dirishani, akamtazama sana.

“Iko muzuri,” alisema, na alionekana kushangaa kwamba anamaanisha.

Magari yalifika saa tatu na robo, yamepambwa riboni, yakipiga honi tangu kona ya barabara. Majirani walitoka. Mama alipiga kigelegele chake, kikakatika katikati, akakianza tena. Nilitoka nyuma yao nimevaa nguo yangu mpya, mkoba begani, ndani yake kichupa cha poda na vipande sita vya pamba vilivyofuliwa. Vumbi lilikuwa limenyanyuka mpaka kiunoni. Nilishika mlango wa gari ili aingie.

Alisimama mbele yangu. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kumpamba upya alinitazama machoni.

“Itashika?” aliuliza.

“Itashika.”

“Mpaka saa ngapi?”

“Mpaka mangaribi. Hata ukitoka jasho.”

“Kweli?”

“Kweli,” nikamwambia. Nilifikiri ananitafutia njia ya kurudi. Nilikuwa mjinga kiasi hicho.

“Basi hauna kazi mu motokari,” alisema. “Bakia.”

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama unavyomwambia mtu kwamba chakula kimetosha. Kisha akamgeukia shangazi wa bwana harusi, akamshika mkono, akamwingiza yeye katika kiti changu. Mama alikuwa tayari katika gari la pili. Alinitazama kupitia kioo, midomo ikicheza, lakini mama wa bibi harusi hashuki garini siku ile kwa sababu yoyote, na majirani walikuwa wanatazama. Nikampungia mkono. Magari yakageuka, moja baada ya jingine, honi zikapotea kuelekea mjini.

Nilirudi ndani. Nilivua nguo mpya, nikaivaa kanga ya mama. Nikafua vipande vya pamba katika lile beseni, vile vya kwanza vyenye rangi ya chai na vile vya pili, nikavianika kwenye kamba uani. Vilikauka kabla sijamaliza kuvibana vyote, joto lilikuwa la namna hiyo. Kufika saa sita mchana bati lilikuwa linalia, kuku wamelala chini ya gari bovu la jirani wamefungua midomo, na mimi nimekaa kizingitini na simu juu ya goti.

Nitasema nilichokuwa nakitaka, maana nimeficha vya kutosha. Nilitaka jasho limshinde. Nilimwomba Mungu, tena kwa maneno, kwamba nta iyeyuke, wanja ushuke, poda ipasuke kwenye pua mbele ya wapiga picha, ili mtu mmoja, yeyote, aseme mwiteni dada yake. Ningekimbia kwa miguu. Dada mzima, nimekaa kwenye kivuli, namwombea mdogo wangu aaibike siku ya harusi yake.

Saa nane wangekuwa wanapiga picha, juani. Niliangalia simu kama ina chaji. Saa kumi wangekuwa wanaingia ukumbini, watu mia katika joto moja, wakimbusu mashavuni. Saa kumi na moja vumbi lilituama, na jua likaanza kushuka nyuma ya mahindi makavu ya mama.

Simu haikulia. Kazi yangu ilikuwa imeshika.